Lango la Pili

Barua husomwa toka juu,
lakini safari yake husomwa toka chini.
Hilo nililisadiki Shimanzi, ghorofa ya tatu,
saa nane ya usiku, kiyoyozi kikidondosha maji
ndani ya ndoo ya rangi aliyoisahau fundi Chengo.

Kesi yenyewe: tende.
Kontena moja ya tende imekwama Kilindini,
Shaabani imefika nusu,
na kila kukicha bandari inaongeza deni.
Bi Rukiya wa uhasibu kaapa
hajaletewa hati hata moja.
Nyevu wa uwakala kaapa katuma mara saba.
Wameshakatiana simu.
"Mghoi," bosi akaniambia, "mmoja wao mwongo. Mtafute."

Nikaanza ngazi ya chini.
Seva ya Nyevu, Changamwe: imetoka salama,
ina muhuri, anwani yake imo orodhani.
Lango la kwanza, lile tunalolilipia kwa dola,
liko mbali, sijui hata nchi gani,
likaipekua, likaiona safi, likaipitisha.
Lango la pili ni letu, kabati la chuma chini ya ngazi,
nililisimika mwenyewe mwaka juzi.
Hilo likauliza: nani kakuleta?
Likamtazama mbebaji, si mtumaji.
Likauona uso wa lango la kwanza,
likapekua orodha ya Nyevu: hayumo.
Kaa kando.

Haya, nikasema, bado muhuri upo.
Muhuri haumjali aliyebeba.
Muhuri hujali maneno tu: yakibaki kama yalivyofungwa,
hadi nukta, barua ni ya mwenyewe.
Nikapima. Umevunjika.
Nikapima tena, huku napuliza kahawa.
Umevunjika.

Mara saba, pale pale,
kabla hata ya salamu, kwa rangi ya manjano:
TAHADHARI. BARUA HII IMETOKA NJE.
Nani kaandika ndani ya barua ya mtu?
Lango la kwanza.
Nani kaliamuru?
Mimi. Novemba, baada ya yule tapeli wa ankara;
bosi alinisifu mbele ya watu.

Onyo langu dhidi ya waghushi
ndilo lililoghushi.

Nikafungua karantini.
Zimelala kwa tarehe.
Ya kwanza: *Mama Rukiya, hati hizi hapa, uamke salama.*
Ya tatu: *labda ni mtandao.*
Ya tano: *mbona kimya, mama?*
Ya saba haina kiambatisho.
*Kama nimekukosea niambie. Mimi mtoto kwako.*

Nikakaa kidogo.
Nje lori lilikuwa linarudi nyuma, likilia, likilia,
dereva hakuona mwisho wa ukuta.

Kurekebisha hakukumaliza dakika ishirini.
Lango la pili nililiambia: ukimwona huyu,
mtazame aliye nyuma yake.
La kwanza nililiambia: kuonya onya, ila pembeni,
usitie wino barua za watu.
Nikaziachia zote saba.
Ile ya mwisho nilitaka kuizuia. Kidole kilisita.
Nikaiachia.

Saa kumi na moja kasoro ikaingia nyingine.
Muhuri mzima, orodha sawa,
imetoka kwelikweli pale inaposema imetoka:
jina kama la kampuni yetu, herufi moja imezidi.
Yataka tulipe akaunti mpya kabla ya adhuhuri.
Malango yote mawili yameipisha kwa heshima,
hati zake safi kuliko za Nyevu.
Nikaifuta kwa mkono, kama mtu anayeua mbu.

Saa mbili asubuhi bosi akauliza: mwongo ni yupi?
Nikasema: mitambo.
Nayo haina mdomo wa kunikana.

Bi Rukiya kaja na mahamri ndani ya gazeti.
Kafungua kompyuta, kasoma, kateremka,
kasoma ile ya saba bila kutafuna.
Kainua simu, kabonyeza, kaikata kabla haijaita.
Kajifuta mafuta vidoleni, kimoja kimoja.
Kabonyeza tena.